Kabla hamjafunga kisima, hesabuni kwanza

Mwaka 2021 watu wa kijiji cha mama yangu, wilaya ya Chamwino, waliacha kuchota maji kwenye kisima chao. Hakuna aliyewaamuru. Ndani ya miaka miwili kijiji kilikuwa kimepata wagonjwa wanne wa kansa: mama yangu mdogo, mzee mmoja wa kitongoji cha jirani, kijana wa miaka 34 fundi baiskeli, na mwalimu mstaafu. Kisima kirefu kilichimbwa 2018, na maji yake yana chumvi kama yalivyo mengi huku kwetu Dodoma. Watu wakaunganisha mambo: kabla ya kisima hatukuwa na kansa, kimekuja kisima na kansa imekuja. Wakarudi kwenye korongo, wakafukua mchanga na kuchota kwenye vidimbwi walivyokuwa wakinywa pamoja na ng'ombe. Hazikupita wiki sita, watoto walikuwa wanaharisha kitongoji kizima.

Mimi naishi mjini Dodoma na nafanya kazi ya hesabu. Sina taaluma ya udaktari. Lakini nilimuuguza mama mdogo kwa karibu miaka miwili, nikakaa kwenye mabenchi ya hospitali na kuwauliza madaktari kila nililotaka kujua. Niliyojifunza nayaandika kwa ajili ya kijiji kingine chochote ambacho leo kinanong'ona kwamba "kansa imetuingilia".

Nilipofika kijijini nilikwenda kwanza kwa mjomba, maana yeye ndiye aliyesimama kikaoni kukikataa kisima.

"Shikamoo mjomba. Hao wagonjwa wanne wana kansa gani?"

"Marahaba. Kansa ni kansa, mwanangu. Kuna nyingine?"

Hapo ndipo penye kosa, na hata mimi nilikuwa nalo kabla sijauguza. Jina ni moja, magonjwa ni mengi, na kila moja lina njia yake ya kuja. Mama mdogo alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Mzee alikuwa na ya tezi dume. Kijana ilikuwa kwenye ini. Mwalimu alikuwa na ya titi. Kisima kimoja kuleta magonjwa manne tofauti kwa watu wanne tofauti ni jambo gumu. Sumu moja ikiwaingia watu, kwa kawaida hurudia kansa ya aina moja au zinazofanana. Kwa hiyo swali la kwanza ni hilo: ni aina gani, na je, ni ileile kwa wote?

Swali la pili ni muda. Kansa nyingi za watu wazima hujengeka polepole, miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Kisima cha miaka mitatu hakiwezi kumletea mzee tezi dume. Mwalimu naye alikuwa amehamia pale baada ya kustaafu tu. Kama kuna kilichomdhuru, kitafutwe huko alikofundisha miaka thelathini.

Kisha nikamwomba mjomba tufanye hesabu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, linakadiria kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilitukuta tuko karibu milioni 61.7. Ukigawanya, unapata takriban wagonjwa 65 kwa kila watu 100,000. Kijiji chetu kina watu wapatao 4,000. Kwa kiwango hicho, kijiji kama chetu kingetarajia wagonjwa wawili au watatu kila mwaka, yaani watano hivi kwa miaka miwili. Sisi tulikuwa na wanne.

Mjomba alinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa sababu hesabu ile ilikuwa na upande mwingine uliotuuma zaidi. Kama watano kwa miaka miwili ndiyo kawaida, basi miaka yote iliyopita wagonjwa wetu walikuwa wapi? Tukaanza kuwataja. Bibi aliyevuja damu miaka na kufa akiwa amekonda. Mzee aliyeshindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji. Shangazi aliyevimba tumbo tukasema amerogwa. Kansa haikuja na kisima. Kilichokuja ni barabara nzuri, ni hospitali kubwa mjini, ni mtoto aliyesoma anayempeleka mama yake apimwe. Tulianza kuwa na kansa siku tulipoanza kuipa jina.

Ndiyo maana nawasihi mtu akikuambia mkoa fulani una kansa nyingi kuliko mwingine, uliza walihesabiwa wapi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kansa aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na baadaye pia Bugando, Mwanza. Penye hospitali ndipo penye daftari, na penye daftari ndipo panapoonekana pana ugonjwa. Umri nao hupotosha. Vijana wetu wengi wa Kigogo wameondoka kutafuta maisha Dar na machimboni. Kijijini wamebaki wazee na wajukuu, na kansa ni ugonjwa unaoongezeka kadiri umri unavyosogea. Kijiji cha wazee kitaonekana kina kansa nyingi hata kama kila mtu pale yuko sawa na mtu wa umri wake kwingineko. Wanaohesabu vizuri hulinganisha wazee kwa wazee na vijana kwa vijana kabla hawajasema neno.

Sisemi kwamba tofauti za mahali ni uzushi. Zipo, na baadhi ni kubwa mno. Mwaka 1961 daktari mmoja aliyekuwa Uganda, Denis Burkitt, aliondoka Kampala na wenzake wawili kwa gari kuukuu, wakaenda hadi Afrika Kusini, safari ya wiki kumi. Alikuwa anafuatilia kansa ya watoto, uvimbe wa taya unaowaua. Kila hospitali aliyopita aliuliza: mnauona huu? Na alihifadhi majibu ya "hapana" sawasawa na ya "ndiyo". Alipochora ramani, uvimbe ulifuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi, na miinuko yenye baridi haikuwa nao. Ramani hiyo ndiyo iliyosaidia kuelekeza macho kwenye malaria na kirusi. Kanda ya Ziwa, penye kichocho cha mkojo, kansa ya kibofu imekuwa na historia ndefu kwa sababu hiyo. Kansa ya koo la chakula, ile ya kushindwa kumeza, ina ukanda wake unaoshuka upande wa mashariki wa Afrika kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, nasi tumo. Sababu zake bado zinachunguzwa, lakini vinywaji vya moto kupindukia, vinavyozidi nyuzi 65, vimetajwa tangu 2016 kuwa huenda vinachangia. Wazee wetu wanaonywa chai ikiwa inachemka, tuwaombe wasubiri kidogo.

Hata hiyo ya mlango wa kizazi haiko sawa kila mahali. Huletwa na kirusi cha HPV, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari kama mara sita ya mwenzake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliikuta Njombe ikiwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati Kigoma ilikuwa na asilimia 1.7. Huwezi kutegemea mikoa hiyo miwili iwe na mzigo uleule. Watu wa Kongwa mnalielewa hili kuliko wengine. Miaka na miaka mlijulikana kwa vikope, ugonjwa wa macho unaopofusha, na sababu yake ilikuwa nzi na uhaba wa maji ya kunawa uso. Laana haikuhusika.

Basi Dodoma tuna nini chetu? Kuna wanaotaja uraniamu ya Bahi. Ni kweli madini hayo yapo ardhini Bahi na Manyoni na yalitafutwa. Lakini kuna jambo moja ambalo tuna ushahidi nalo wa makaburi, na halitajwi sana kwenye vijiwe: sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu) kwenye nafaka na karanga.

Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto kule Manyara walianza kuumwa matumbo, kutapika na kugeuka macho ya njano. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 60, na karibu 20 walifariki. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Ile ilikuwa dozi kubwa inayoua kwa siku. Dozi ndogo haikuangushi leo. Unaila kwenye ugali, kwenye karanga, mwaka hadi mwaka, na kazi yake inaonekana kwenye ini. Mwenye homa ya ini B akila sumukuvu, hatari yake ya kansa ya ini huongezeka mara nyingi kuliko mwenye kimoja tu. Yule kijana fundi baiskeli aliambiwa hospitalini kuwa ana homa ya ini B. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Yeye alikuwa amezaliwa miaka mingi kabla.

Hapa ningependa tukae kidogo, maana hili liko mikononi mwetu. Kuvu hawa wanapenda mmea uliopigwa na ukame, na mahindi kwetu hupigwa na ukame karibu kila msimu. Mtama na uwele wa babu zetu kwa kawaida huhimili zaidi. Kisha tunavuna, tunamwaga mahindi chini kwenye udongo wenye kuvu hao hao, tunayaweka ghalani kabla hayajakauka. Ila kinachoniumiza kuliko vyote ni karanga. Mama zetu wanakaa mkekani wanachambua. Zile nono, safi, zinakwenda kuuzwa. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi ya kijivu, zinabaki nyumbani. Zinasagwa, zinatiwa kwenye mlenda na kwenye uji wa mtoto. Sumukuvu hukaa zaidi katika zile mbovu. Tunachambua vizuri kabisa, halafu tunawapa watoto wetu takataka ya kuchambulia. Na kupika hakuondoi. Moto wa jikoni hauishindi sumu hii. Ukiwapa kuku au ng'ombe, inaweza kukurudia kwenye mayai na maziwa.

Ninachofanya sasa kila mwezi wa tano na wa sita ni kwenda kijijini na maturubai. Mahindi na karanga havigusi udongo. Vinakauka hadi punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata (kwa mahindi wataalamu wanataka unyevu usizidi asilimia 13; karanga zikauke zaidi ya hapo), kisha vinaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo ina bei, na mwaka wa kwanza mama alilalamika sana, lakini hata wadudu hawakuingia. Karanga mbovu tunazifukia. Ndiyo, zinauma kuzitupa mwaka wa njaa, najua. Kwa hiyo tukaanza na mtoto: sahani yake ndiyo ya kwanza kutolewa mbovu.

Kuhusu wanawake nitasema kwa ufupi kwa sababu tiba yake ni fupi. Mama mdogo alitokwa na damu miezi minane huku akipewa dawa za fangasi kwenye kituo kimoja cha afya. Hakuna aliyemwangalia mlango wa kizazi. Kipimo cha siki, cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, ni cha dakika chache, na kikikuta dalili za mwanzo, mara nyingi unatibiwa siku ileile. Kama una miaka 30 hadi 50, nenda hata kama huumwi, na kama unaishi na VVU usisubiri umri huo. Binti yako wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na sasa ni dozi moja. Wanaokuambia inafunga uzazi, waulize kansa inafunga nini.

Kuhusu kisima, tulimwomba mtendaji wa kijiji aandike barua maji yapimwe. Yakaja majibu: chumvi nyingi, hakuna cha kutisha, endeleeni kunywa. Nawashauri mfanye hivyo kabla ya kuhama chanzo cha maji. Na mkiwa na hofu, andikeni orodha kwenye daftari: aina ya kansa, umri, mwaka wa kugunduliwa, miaka aliyoishi kijijini. Majina yabaki na mganga wa zahanati, maana ugonjwa ni siri ya mtu. Mkiona aina moja inajirudia, hasa kwa vijana, pelekeni daftari hilo kwa mganga mkuu wa wilaya. Hapo mtakuwa na hoja.

Ndugu zangu, kuna kitu kimoja kidogo karibu kinipite. Tulipopewa rufaa kwenda Dar, dirishani karani aliuliza, "Unaishi wapi, mama?" Mama mdogo akajibu kwa unyenyekevu, "Mbagala, kwa kijana wangu." Alikuwa amelala Mbagala usiku mmoja tu. Nami nilikuwa nimesimama pale, nikashukuru kuwa foleni inasogea. Mgonjwa wa Chamwino, mwenye miaka 52 ya Chamwino, akaingia daftarini kama mtu wa Temeke, Dar. Nikajiuliza ni wangapi wetu wamehesabiwa hivyo, kisha tukaambiwa huku kwetu kansa si nyingi.

Tulirudi kliniki baada ya mionzi kuisha. Safari hii nilitangulia dirishani, nikaomba faili lirekebishwe. Karani alinitazama kidogo, akauliza kama tumehama.

"Hajawahi kuhama," nikamwambia.

Akakata Mbagala kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Chamwino, Dodoma.