Balbu za LED za dashibodi: T5 au T10?
Chomoa moja ya zamani uipime kabla ya kununua. T5 ina kipenyo cha kama milimita 5, T10 kama 10, haziingiliani. Angalia na volti: gari dogo ni 12, malori mengi 24. Ukichomeka isiwake, igeuze tu, LED ina chanya na hasi.

Ila balbu ya alama ya betri iache ileile ya zamani! Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha altaneta (mashine inayochaji betri) hupitia humo, na LED hupitisha kidogo mno. Nafanya umeme wa magari. Nimeshaletewa gari betri haichaji, altaneta nzima kabisa, kumbe ni hiyo balbu.