Gavana hatumpigii kura: tumwulize nani?

SWALI: Jambo Maître (mwanasheria). Ninauza unga hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo (DRC). Desemba 2023, kwenye mashine ya kura, nilichagua rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komine (manispaa). Gavana sikumwona. Jirani yangu anasema huyo anawekwa na rais, basi hana deni kwetu. Barabara yetu ya kwenda soko imekuwa mashimo matupu. Tunaweza kumwondoa gavana? Kama hapana, tumwulize nani?

JIBU: Jambo Mama. Jirani yako ameona mwisho wa shughuli tu. Kifungu cha 198 cha Katiba ya 2006 kinasema gavana na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka 5, na wanaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Amri ya rais inakuja baada ya kura hiyo, kuwathibitisha. Wewe Desemba ulimtuma mbunge wa jimbo. Aprili 2024 wabunge hao wakachagua gavana. Inaniuma kuona kampeni zinakwisha bila mtu kumwuliza mgombea wa jimbo: "Kura yako ya ugavana utampa nani?" Hilo lingekuwa swali la kwanza kwa kila anayekuja na fulana mkononi.

Labda jirani anawaza meya. Kisheria meya achaguliwe na baraza la mji, lakini kwa miaka mingi mameya wamewekwa kwa amri ya rais. Tena, mabadiliko ya Katiba ya 2011 yalimpa rais uwezo wa kumwachisha kazi gavana, jimbo likiwa katika mgogoro mkubwa usiokwisha, baada ya kushauriana na ofisi za Bunge la Taifa na Seneti. Mimi naona uwezo huo utumike kwa nadra sana, maana kila ukitumika kura yako inapungua uzito.

Kumwondoa: wapiga kura hawawezi, wala hawawezi kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla ya muda wake. Wabunge wa jimbo ndio wanaweza, kwa hoja ya kutokuwa na imani. Hoja ya kuangusha serikali yote ya jimbo inahitaji sahihi za robo ya wabunge. Ya kumwangusha waziri mmoja, sehemu moja ya kumi. Kura haipigwi kabla ya saa 48 kupita, na inahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote, hata wasiofika.

Lakini Mama, msianzie huko. Mbunge wenu anaweza kumwandikia waziri wa jimbo swali, kumwita ajieleze mbele ya wenzake, au kuomba tume ya uchunguzi. Tatizo la mashimo linataka kazi hiyo, na ndiyo tuliyomtuma kuifanya.

Kwanza mjue barabara ni ya nani. Ile ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni Barabara ya Taifa namba 1, mwenyewe ni serikali ya taifa kule Kinshasa. Ya mtaani mwenu ni jambo la mji na jimbo.

Kisha mwandike ombi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuandikia wenye mamlaka, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Andikeni jina la barabara, mashimo yanaanzia wapi na yanaishia wapi, mvua ikinyesha nini kinatokea, mnataka nini kifanyike. Chapeni nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa mapokezi yenye tarehe. Bila muhuri huo hamtakuwa na namna ya kuhesabu miezi. Nakala nyingine mpeni mbunge wenu wa jimbo kabla ya kikao cha Septemba, kwa sababu ndicho kinachopitisha bajeti.

Na wale majirani wanaoogopa kutia sahihi, wasomeeni kifungu hicho mpaka mwisho: hakuna mtu anayeweza kushtakiwa, kwa namna yoyote, kwa kuwa aliandika ombi la aina hiyo.