Fundi, simu ilizama Msangamkuu: picha zangu ziko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa biashara ya samaki, naishi Msangamkuu na kila siku navuka kwenda Mtwara mjini. Wiki iliyopita nilikuwa nashuka kwenye kivuko, simu ikachomoka kwenye kanga ikatumbukia baharini. Kijana mmoja akapiga mbizi akaitoa, haikukaa hata dakika kumi. Niliiweka kwenye mchele siku tatu, nikaichaji, ikaonyesha alama ya chaji, kisha ikazima mpaka leo. Ni ya Android, niliinunua mpya mwaka juzi. Ndani mna picha za daftari la madeni, na kurasa zenyewe nilishazichana. Mna picha za mwanangu siku alipotoka unyagoni, na sauti za marehemu mama alizokuwa akinitumia WhatsApp. Watu wanasema nikinunua simu nyingine vyote vitarudi kutoka Google, lakini hiyo email siijui, alinifungulia kijana wa dukani. Fundi mmoja anataka elfu themanini ahamishie memori kwenye simu nyingine. Nimpe? Na hela zangu za kwenye simu je?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Hiyo elfu themanini usimpe, sababu nitakueleza. Ila kabla ya yote, simu hiyo usiichaji tena, hata dakika moja, hata mtu akikwambia "ijaribu tu tuone".

Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Yakiwa ndani ya simu, umeme wa betri hupita pasipotakiwa na kuila bodi, ule ubao wa ndani unaobeba vipande vyote vya simu. Ukiifungua utaona ukungu wa kijani kwenye viungio, kama ule unaoota kwenye vichwa vya betri ya gari. Mchele haukukusaidia. Maji yalikauka, chumvi ikabaki palepale, na kwa hewa yetu ya pwani chumvi hiyo huvuta unyevu upya kila usiku. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliandika wazi katika maelekezo yake kwamba simu iliyolowa isiwekwe kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa vipande vidogo vya punje vinaweza kuidhuru. Hata zile simu zinazosifiwa kuwa haziingii maji hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Bahari ni mambo mengine.

Kinachoondoa chumvi ni kuoshwa. Fundi aifungue, achomoe betri kwanza, aisuuze bodi kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha aisugue kwa spiriti na brashi laini, aikaushe vizuri, ndipo aiwashe kwa betri nyingine nzima. Hii kazi haingoji mwisho wa mwezi, maana chumvi inaendelea kula hata sasa unaposoma. Na ukimpelekea, usimwambie "nitengenezee simu". Mwambie "niwashie saa moja tu nitoe vitu vyangu". Hizo ni kazi mbili tofauti. Anayetaka kuifufua simu nzima atahangaika na spika na kamera, ataipasha moto bodi mara tatu nne, na katika kuhangaika huko anaweza kuua kile unachokitaka. Kioo kikiwa kimekufa, aazime kioo cha simu ya aina hiyohiyo. Ikiwaka, toa picha zote siku hiyohiyo, kisha simu hiyo usiitegemee tena kwa lolote.

Sasa hilo la kuhamisha memori, yaani kile kipande cha bodi kinachohifadhi picha na mafaili. Zamani liliwezekana. Lakini simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10, ya mwaka 2019, na matoleo yaliyofuata, ni lazima zifunge kwa msimbo kila unachokihifadhi ndani. Ufunguo wa kufungulia umefungamana na prosesa, ubongo wa simu hiyohiyo, na namba yako ya siri ya kioo. Ukiing'oa memori peke yake ukaipachika kwenye bodi nyingine, ni sawa na kuhama na sanduku la chuma huku ufunguo umeuacha kwenye nyumba iliyoungua. Wapo mafundi wachache wenye vifaa vya kuhamisha prosesa na memori kwa pamoja, lakini huyo wako hakukwambia hivyo, na kwa bei hiyo sidhani kama ndicho alichokusudia. Simu yako ni ya mwaka juzi, kwa hiyo njia ya kuzipata picha zilizomo ndani yake ni bodi ileile iwake.

Hukuniambia kama ulikuwa na memori kadi. Kama ipo, itoe leo. Kadi zile huvumilia maji kuliko simu yenyewe: isuuze kwa maji ya kunywa, ikaushe kivulini siku nzima, kisha mtu mwenye kompyuta aisome kwa kisoma kadi. Ikitokea kompyuta inasema kadi haisomeki na inaomba kuifomati, akatae. Huenda kijana wa dukani aliiunganisha kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, na ikiwa hivyo nayo imefungwa kwa ufunguo wa simu ile, itasomeka simu ikiwaka. Kuifomati ni kufuta.

Kuhusu hela, tulia. Hela za M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas hazikai kwenye simu wala kwenye laini. Zimeandikwa kwenye vitabu vya kampuni, na laini ni kitambulisho chako tu. Nayo laini sidhani kama imekufa: itoe, ifute kwa kitambaa chenye maji safi, ikauke, iweke kwenye simu yoyote, hata ya kitochi. Ikigoma, nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, uweke kidole, upewe laini mpya yenye namba ileile. Tatizo linakuja kama laini ilisajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, jambo ambalo huku kwetu nimelikuta mara nyingi sana. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kwa wale waliokuwa wakikulipa madeni kwa simu, omba kampuni ikupe taarifa ya miamala ya miezi iliyopita. Haitakuwa daftari zima, lakini utajua nani kalipa.

Laini ishike kwanza kuliko yote, kwa sababu milango yote iliyobaki inafunguliwa kwa ujumbe utakaoingia kwenye namba hiyo.

Tunakuja kwenye email, na hapa nina uchungu. Anayekuuzia simu anakufungulia akaunti ya Google kwa haraka ili Play Store ifanye kazi, anaandika jina lolote, nywila yoyote, wakati mwingine namba yake mwenyewe, na hakuandikii hata kwenye kipande cha boksi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipoanza kazi Lindi mjini. Nilijiona namsaidia mteja. Mpaka aliporudi mzee mmoja ambaye simu yake iliibiwa, akaniuliza picha za marehemu mkewe ziko wapi, na mimi sikuwa na jina la akaunti wala nywila. Tangu siku ile mteja haondoki kwangu bila karatasi mkononi. Vijana wenzangu mnaouza simu pale stendi na sokoni, nawaomba kwa dhati: mwandikieni mtu akaunti yake. Ni dakika mbili.

Wewe dada, anza hivi. Namba ikishawaka, chukua simu ya mtu unayemwamini, fungua ukurasa wa kuingia Google, bonyeza pale panapouliza kama umesahau anwani ya barua pepe. Utaulizwa namba ya simu na jina. Weka namba yako, kisha jina. Kijana anaweza kuwa aliandika jina lako la kwanza tu, au la ukoo, au hilo unaloitwa sokoni. Jaribu moja baada ya jingine kwa utulivu. Likikubali utatumiwa tarakimu kwenye namba yako, na Google itakuonyesha akaunti zilizofungwa na namba hiyo. Ikisema hakuna kitu, mrudie kijana wa dukani umuulize kama aliweka namba yake yeye. Njia nyingine ambayo watu huisahau: simu yako ya kabla ya hii iko wapi? Kama uliitumia kwa akaunti hiyohiyo, na sasa anayo mdogo wako au mtoto shuleni, fungua mipangilio yake, gusa neno Google, na anwani nzima itakuwa imeandikwa pale. Ukiwa na simu hiyo mkononi, hata nywila uliyoisahau ni rahisi zaidi kuibadilisha, maana Google hukiamini kifaa inachokijua. Fanya majaribio hayo ukiwa nyumbani kwako, mahali ulipozoea kutumia simu. Google wenyewe wanashauri hivyo.

Ukiingia, usikimbilie kununua simu. Fungua kwanza photos.google.com uone kama kuna picha. Wanaokwambia vyote viko huko wanasema kwa moyo mwema, lakini Google haihifadhi kitu ambacho hakikuwashwa kuhifadhiwa. Na hata ikiwashwa kuna kikomo. Tangu Juni 1, 2021 picha zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure, zilezile zinazotumiwa na email na faili nyingine, na tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye Android zimeingizwa humohumo. Zikijaa, uhifadhi husimama. Simu hutoa taarifa, nasi wengi tunaifuta kama matangazo. Kwa hiyo unaweza kukuta picha za unyago zipo na za daftari la mwezi uliopita hazipo. Zile za unyago zikikosekana, waulize mashangazi na makungwi. Shughuli ile ilipigwa picha na simu nyingi.

WhatsApp nayo: ukiiweka kwenye simu mpya kwa namba ileile na akaunti ileile ya Google, itakuuliza kama unataka kurudisha nakala. Kubali hapohapo, kabla ya kuanza kuchati, maana ukiruka hatua hiyo itakubidi uifute na kuiweka upya. Kama nakala haikuwahi kufanyika, makundi yako yatarudi lakini maneno ya zamani hayatarudi. Ikikuomba namba ya siri ya tarakimu sita ambayo huikumbuki, na hukuweka email ya kuirudishia, itakulazimu kusubiri siku saba. Subiri. Katika siku hizo atajitokeza mtu kukwambia anaweza kukurudishia kila kitu ukimtajia tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Huyo ni mwizi, na namba yake itume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Simu mpya ikipatikana, ingia kwa akaunti hiyo uliyoipata, andika anwani na nywila kwenye karatasi uiweke na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Washa kuhifadhi picha, chagua ubora wa kubana nafasi, na video za WhatsApp ziache nje ya nakala, ndizo zinazomaliza GB na bando. Daftari la madeni piga picha, lakini kurasa usichane.

Nimeziacha sauti za mama mwisho kwa makusudi, kwa sababu naona nyote mnazitafuta upande mmoja tu. Sauti mtu anayokutumia WhatsApp haikai kwako peke yako. Inabaki pia kwenye simu ya aliyeituma. Simu ya marehemu iko wapi? Kama iko kwa kaka yako au imelazwa kabatini, hiyo ndiyo tumaini kubwa kuliko hii iliyozama. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika baada ya siku 120 hivi, lakini kufungwa kwa akaunti hakuondoi vilivyomo ndani ya simu yenyewe, mradi mtu hajaifuta WhatsApp humo. Ichajini taratibu. Msiisajili upya, msiiguse WhatsApp. Fungueni sehemu ya mafaili ya simu, ingieni Android, kisha media, kisha com.whatsapp, mfuate mpaka folda ya WhatsApp Voice Notes. Sauti zimepangwa humo kwa wiki, alizotuma na alizopokea. Nakilini folda nzima kwenye memori kadi mbili, moja ikae kwako, moja kwa ndugu mwingine.

Kama hakuna anayejua namba ya siri ya kioo chake, kaeni wote watoto mkumbuke: mwaka aliozaliwa, tarakimu za mwisho za namba yake, mchoro aliokuwa akiuchora kwa kidole mbele ya wajukuu. Jaribuni machache kisha pumzikeni, simu isijifunge kwa muda mrefu. Fundi akikwambia atatoa patani, yaani huo mchoro wa kufungulia, kwa kuifleshi, yaani kuipakia programu zake upya, ichukue simu mkononi mwake uondoke nayo, maana kufleshi kutafuta sauti zote. Ukivuka, niletee hiyo ya mama kwanza, tuifungue pamoja ukiwa umekaa hapo pembeni.