Taulo jipya linalokataa maji

Mdogo wangu alipoolewa nilimnunulia mataulo sita pale Kariakoo, na tamaa ikanishika, nikajinunulia na mimi mawili ya kijani. Usiku ule ule nikaoga, nikajifuta. Maji hayakuondoka. Taulo lilikuwa linayasukuma tu kutoka begani kwenda mgongoni, kama vile najifuta kwa mfuko wa nailoni, na nilipolitundika nikajikuta na nyuzinyuzi za kijani mwili mzima mpaka kwenye nyusi. Nikasema hapa nimepigwa.

Kesho yake nikafanya kosa la pili. Nikalitia kwenye mashine pamoja na mashuka meupe, nikamwaga sabuni kwa ukarimu, halafu nikaongeza vifuniko viwili vya ile dawa ya kulainishia nguo, ili lilainike. Mashuka yalitoka na rangi ya maji ya mchicha. Taulo lilinukia vizuri sana, na maji likaendelea kuyakataa.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anafua mataulo na mashuka ya gesti. Nilimpigia simu kumsalimia tu, malalamiko yakanitoka. Akacheka kwanza, kisha akaniambia: "Mwanangu, taulo halilainishwi kwa kutiwa vitu. Linalainishwa kwa kutolewa vitu." Tangu siku hiyo kila ninachofanya na taulo kinatokana na maneno hayo.

Cha kwanza kutolewa ni kile kilichopakwa kiwandani. Taulo la kuuzwa hupitishwa kwenye dawa ya kulainisha, mara nyingi yenye silikoni, ili mteja akiligusa dukani mkono wake ufurahi. Silikoni na maji havipatani. Pamba yenyewe haina kosa, inapenda maji kuliko nyuzi nyingi unazozijua. Ukiliangalia taulo kwa karibu utaona uso wake ni vitanzi vidogo vidogo vya uzi vilivyosimama kwa maelfu, na hivyo ndivyo vinavyofyonza. Vikiwa vimepakwa dawa na kulaliana, maji hayana pa kuingilia.

Kwa hiyo taulo jipya mimi siku hizi sijifutii kabla halijaonja beseni. Nalilowesha usiku mzima kwenye maji matupu ya uvuguvugu, bila sabuni, peke yake au na wenzake wa rangi ile ile. Asubuhi maji utayakuta yamebadilika rangi, hasa kwa mekundu, ya bluu iliyokolea na meusi. Usiogope, ni rangi ya ziada ambayo haikushika vizuri. Namwaga, nasuuza, ndipo nafua kwa sabuni kidogo ya unga, halafu kwenye maji ya kusuuzia ya mwisho, ndoo ya lita 20, natia siki nyeupe nusu kikombe cha chai. Harufu ya siki inaondoka likikauka. Ambaye hana siki na yuko Zanzibar au Tanga atumie ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Ila sikia: siki wala ndimu isikutane na jiki hata siku moja. Hewa inayotoka hapo ni sumu inayobana kifua, na bafu zetu hizi madirisha yake unayajua.

Nyuzinyuzi zitaendelea kutoka kwa mifuo mitatu, minne. Baada ya hapo zinakoma.

Kuhusu sabuni, wengi tunafua kwa kudhani povu ndilo linalotakatisha. Taulo ni nene, linameza sabuni na halirudishi yote. Ikibaki ndani inakauka na vitanzi vyake, na hapo ndipo taulo linapokuwa kama gome la mti. Kuna njia rahisi ya kujua: chukua taulo lako "safi" lililokunjwa kabatini, litie kwenye beseni la maji ya moto, ulichezeshe kidogo. Povu likipanda, ujue umekuwa ukijifutia sabuni. Mimi nilipofanya hivyo nilimwaga maji mara tatu kabla hayajatulia.

Sabuni ya mche ina kesi yake hapa, na inategemea maji yako. Sisi wa Dar tunaojua maji ya kisima tunaelewa: yapo maeneo ambayo ukijipaka sabuni povu halipandi, na sufuria ya chai inaota ukoko mweupe. Hayo ni maji magumu, yana madini mengi, na madini hayo yakikutana na sabuni ya mche yanatengeneza utando wa kijivu unaonata, ule unaouona pembeni ya beseni. Kwenye taulo unanata vivyo hivyo. Ukiwa na maji ya namna hiyo, sabuni ya unga inavumilia zaidi. Na kama kisima chenu kina chumvi kabisa, fulia maji hayo ukipenda lakini maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua. Chumvi ikibaki kwenye taulo inavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana kuna mataulo ambayo ukiyashika saa sita mchana bado yana ubaridi fulani, kama hayajakauka. Wakati wa masika mimi nakinga maji ya mvua kwenye madumu mawili kwa ajili ya mataulo tu. Mume wangu anaona ni wazimu. Anayatumia hayo mataulo.

Dawa ya kulainisha nguo nimeiacha kabisa kwa mataulo. Inafanya kazi kwa kuacha utando wa mafuta mafuta juu ya uzi, yaani kuirudisha hali ile ya dukani niliyohangaika kuitoa. Shati litie, soksi tia. Taulo hapana.

Wanaofua kwa mikono wasisugue taulo kwa brashi. Brashi inang'oa vitanzi, na kitanzi kikishang'oka hakirudi. Likanyage, likandamize, libinye kama unakamua nazi, lakini usilisokote kwa nguvu zako zote. Ukiona uzi umechomoza, usiuvute, ukate kwa mkasi pale pale. Ukiuvuta utafumua mstari mzima. Kwenye mashine adui ni zipu na vikulabu vya sidiria.

Sasa kuanika, ambako naona watu wengi wanapoteza kazi yote. Kabla ya kulitundika kwenye kamba, lishike ncha mbili ulikung'ute kwa nguvu, mara sita, saba, mpaka lilie pa! Shangazi alikuwa anasema taulo lisilokung'utwa linakauka huku limelala. Nilidhani ni maneno ya wazee, kumbe yana sababu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na kampuni ya Kao, huko Japani, walieleza kwamba hata pamba inayoonekana kavu bado ina maji kidogo yaliyoshikamana na uso wa nyuzi, na maji hayo yanafanya kazi kama gundi ya kuunganisha uzi na uzi. Ndiyo maana taulo lililokauka kwenye hewa iliyotulia linakakamaa, na lile la kwenye upepo linalegea. Kung'uta kunavunja gundi hiyo. Mimi nakung'uta mara mbili, wakati wa kuanika na wakati wa kuanua.

Jua la saa nne mpaka saa nane linatosha. Likikaa tangu asubuhi hadi magharibi linachujuka rangi na kuwa gumu. Lakini usilianike kwenye nyasi wala juu ya ua wa michongoma. Kuna nzi anayependa kutaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa za kivulini na zilizo karibu na ardhi, na mabuu yake yanaingia kwenye ngozi ya mtu na kufanya kama jipu. Ikiwa huna kamba, basi likikauka lipitishe pasi ya moto pande zote mbili. Pasi inalaza vitanzi, ni kweli, lakini heri taulo lililolala kuliko funza mgongoni.

Uvundo unatokana na taulo kukaa na unyevu, basi. Taulo la kuogea lisitundikwe kwenye msumari likiwa limejikunja nyuma ya mlango wa bafu. Litandazwe. Likishavunda, manukato hayasaidii: lichemshe sufuriani dakika kumi, pamba inahimili, kisha suuza kwa siki. Jiki niliachia yale meupe, tena mara chache, kwa sababu inakula uzi taratibu mpaka siku moja kidole kinatoboa.

Ukienda kununua, usidanganywe na unene. Mataulo mazito ya hotelini ni matamu kuyashika, ila kwa unyevu wa pwani mwezi wa nne hayakauki siku mbili. Mimi natafuta la gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba. Kama halina maandishi, liombee mizani: taulo la sentimita 70 kwa 140 ni karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo likiwa nusu kilo uko pale pale. Na kama unashuku si pamba tupu, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome nje kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Wenye plastiki unayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Na nikiri jambo: taulo linalofyonza kuliko yote nyumbani kwangu ni la mtumba, la soko la Karume. Aliyelivaa kabla yangu alishalitoa dawa yote. Nililichemsha, nikaacha kuwaza.

Yale mawili ya kijani sasa yana mwaka wa sita na yanakausha hata nywele zangu, ambazo si mchezo. Mwezi uliopita nikamwuliza mdogo wangu, na yale sita ya harusi je? Akaniambia, "Dada, yale nimeyatunza, yako kabatini kwenye nailoni yake, ni ya wageni, hayajaguswa maji." Nimemwonea huruma huyo mgeni wa kwanza.