Bia ya nafaka tupu kwa mara ya kwanza: anza na kipimajoto

Mkuu, hongera kwa kutaka kuachana na shira ya kimea ya kopo na kuingia kwenye nafaka yenyewe. Umeuliza mambo mawili: kama ni lazima uwe na masufuria matatu, pampu na mabomba kama wengi wanavyoonyesha, na kwa nini bia ya nafaka ya rafiki yako ilitoka nyepesi na kavu mno ilhali alifuata vipimo vilevile vya wenzake. Nimekuwa nikitengeneza kwa nafaka kwa muda sasa, na kwangu maswali hayo yana jibu moja: joto. Ukilimudu joto, sufuria moja inatosha. Ukishindwa kulimudu, hayo masufuria matatu hayatakusaidia chochote.

Vifaa kwanza, nisikucheleweshe. Sufuria ya lita 20 au zaidi, mfuko mpana wa kitambaa cha wavu kinachostahimili maji ya moto na kuingia sufuria nzima, mwiko mrefu, haidromita (kifaa kinachoelea, cha kupimia uzito wa maji yenye sukari ukilinganisha na maji matupu), ndoo ya kuchachushia yenye mfuniko na kidude cha kutolea hewa, na mpira wa kuhamishia. Ukishakuwa na hivyo, pesa iliyobaki iweke kwenye kipimajoto kizuri. Kipime kabla hujakiamini: kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa kisome 0, na kwenye maji yanayochemka kisome 100, au pungufu kidogo kama uko mahali pa mwinuko. Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi tatu kinakupa bia nyingine kabisa, na nitakueleza sababu.

Kwa mara ya kwanza tengeneza lita 10. Kilo 2.4 za kimea cheupe cha shayiri zitakupa bia yenye kilevi cha kati ya asilimia 4.5 na 5. Kimea kiwe kimepasuliwa, kisiwe unga: ukikitazama kiganjani uone ganda limebaki karibu zima na kiini cheupe ndani yake kimevunjika vipande. Maji weka lita 16 tangu mwanzo. Mengine yatanywewa na nafaka, mengine yataondoka kwa mvuke, na kidogo yatabaki chini na masimbi. Kama maji yako yana klorini, yapitishe kwenye chujio la mkaa, maana klorini ikikutana na kimea na hamira inaleta harufu ya dawa ya hospitali ambayo haiondoki.

Sasa tuje kwenye kuloweka, maana hapa ndipo penye utamu wa shughuli yote. Ndani ya kimea kuna wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Kinachoukata wanga kuwa sukari ni vimeng'enya vilivyomo humohumo kwenye kimea, na viwili ndivyo vinavyotuhusu. Cha kwanza, beta, kinakata vipande vidogo vidogo kutoka nchani, na sukari kinayoitoa, hamira inaila karibu yote. Kinapenda nyuzi 60 hadi 65, na kikifika 70 kinakufa haraka. Cha pili, alfa, kinakata popote katikati na kuacha vipande vikubwa ambavyo hamira ya kawaida haiviwezi. Hivyo vinabaki kwenye bia na kuifanya iwe nzito mdomoni. Chenyewe kinafurahia nyuzi 70 na kitu. Kwa hiyo ukiloweka kwenye 64 unapata bia kavu na nyepesi, ukiloweka kwenye 69 unapata bia nzito yenye utamu unaobaki, na nyuzi 66 ni katikati, mahali pazuri pa kuanzia. Bila shaka rafiki yako aliloweka chini ya alivyodhani, ama kwa sababu ya kipimajoto, ama sufuria ilipoa akiwa anafanya mambo mengine.

Kimea kikiingia kinashusha joto la maji. Kwa kiasi nilichokutajia, maji yakifika nyuzi 69 zima moto, tandika mfuko, kisha mimina kimea kidogokidogo huku ukikoroga. Usikimwage chote kwa mkupuo, yatatokea mabonge yenye unga mkavu katikati, na ule wanga umeupoteza. Ukishamaliza pima sehemu tatu: juu, katikati na pembeni. Ukikuta 66 kila mahali, funika, izungushie sufuria blanketi au taulo nene, na uiache saa nzima. Ichungulie kila baada ya dakika 20 hivi. Ikishuka, inua mfuko usiguse kitako cha sufuria, washa moto mdogo, koroga mpaka irudi. Njia nyingine ni kuchota lita moja au mbili pamoja na nafaka zake, kuzichemsha pembeni na kuzirudisha. Wapikaji wa Ujerumani na Bohemia walikuwa wakipandisha joto hivyo tangu kabla kipimajoto hakijawa kifaa cha kawaida.

Na ukiwa umesimama pale, angalia. Mwanzoni maji yanakuwa meupe, mazito kidogo, na ukiyaonja ni unga mtupu. Baada ya robo saa yanaanza kung'aa, yanageuka rangi ya asali, na kijiko ukikichomoa kinanata. Onja tena: ni matamu kweli. Sukari hiyo hukuiweka wewe, imetoka kwenye nafaka mbele ya macho yako. Mimi mpaka leo sichoki kuonja hatua hiyo. Kama unataka uhakika, dondosha matone ya maji hayo kwenye sahani nyeupe, weka tone la iodini. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo, endelea kungoja. Likibaki na rangi yake ya kahawia, kazi imekwisha. Sampuli hiyo itupe, usiirudishe.

Saa ikitimia, inua mfuko uuache uchuruzike juu ya sufuria, ukamue. Ukitaka kusuuza machicha kwa lita moja au mbili ulizozibakiza kutoka kwenye zile 16, maji yasizidi nyuzi 77, kwa sababu juu ya hapo maganda yanaanza kutoa tanini, na bia inakuja kukwaruza ulimi.

Kuchemsha ni dakika 60, mfuniko ukiwa wazi. Wazi kabisa, maana kuna harufu ya mahindi yaliyochemshwa inayotakiwa kutoka na mvuke. Dakika chache kabla ya kuchemka kutapanda povu la kahawia kwa kasi ya ajabu. Usiondoke hapo jikoni, punguza moto na ukoroge mpaka litulie. Povu likishaanguka weka gramu 20 za hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu) zenye asidi ya alfa, yaani kile kinacholeta uchungu, ya asilimia 5, hizo ni za uchungu. Zikibaki dakika 10 ongeza gramu 10 nyingine kwa ajili ya harufu. Hopsi za mwanzo zinapoteza manukato yake kwa kuchemka muda mrefu, ila huo muda ndio unaoutoa uchungu. Za mwisho ni kinyume chake. Kama pakiti yako inaonyesha asilimia 10, zile za uchungu zipunguze ziwe nusu.

Kuanzia hapa kila kitakachogusa maji haya kiwe kimesafishwa na kutiwa dawa ya kuulia vijidudu: ndoo, mfuniko, mpira, kijiko, hata mkasi wa kufungulia pakiti ya hamira. Poza haraka. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga kwa utaratibu, badilisha maji ya beseni kila yakipata moto, na mwishoni tia barafu ndani ya beseni. Lenga nyuzi 18 hadi 20. Pima na haidromita sampuli ikiwa imepoa. Utegemee kitu kama 1.046. Ukipata 1.040 usifadhaike, ni bia bado, ila safari nyingine kagua jinsi kimea kilivyopasuliwa.

Mimina kwenye ndoo ukiacha masimbi nyuma, na mimina kwa kishindo, kwani hamira inahitaji hewa hapo mwanzo. Ni wakati huu peke yake. Baadaye hewa ni adui. Pakiti ya gramu 11 ya hamira kavu ya eli (bia inayochachuka kwenye joto la kawaida, si la baridi) hutosha lita 20, kwa hiyo kwa lita 10 mwaga yote bila wasiwasi.

Halafu ndiyo linakuja joto ambalo wengi hulisahau. Hamira ikianza kazi inatoa joto lake yenyewe, na katikati ya ndoo panaweza kuwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Chumba chako kikiwa 24, hamira iko kwenye 27 au 28, na hapo ndipo inapozaa ule ukali wa pombe unaochoma koo. Siku tatu za kwanza ndizo muhimu kuliko zote. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ibandike fulana yenye unyevu, badilisha chupa za maji ya barafu asubuhi na jioni. Kama unaishi mahali pa joto na huna namna, tafuta hamira ya kveik kutoka Norwei. Hiyo inafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35, na haikuachii ukali huo.

Usihesabu mapovu kujua kama imeisha. Pima baada ya siku 10 hivi, kisha pima tena baada ya siku mbili au tatu. Namba ikibaki palepale, tuseme 1.010, imekwisha. Toa 1.010 kwenye 1.046, zidisha na 131.25, unapata kilevi cha asilimia 4.7. Namba ikiwa bado inashuka, usithubutu kuweka kwenye chupa. Chupa za glasi zinalipuka, na vipande vyake vinaumiza watu.

Kwa gesi, gramu 6 za sukari kwa kila lita zinatosha. Zichemshe na maji kidogo, zimwage kwenye ndoo safi, hamishia bia juu yake kwa mpira polepole bila kurusha matone, kisha jaza chupa na ufunge vizibo. Ziache wiki mbili kwenye joto la chumba, gizani, halafu weka moja kwenye friji siku nzima kabla ya kuifungua. Ikiwa haina gesi, zilizobaki zipe wiki nyingine.

Ukishaionja, rudi utuandikie joto ulilolowekea mwanzo na mwisho wa ile saa, pamoja na namba zako mbili za haidromita. Tukiwa na hizo nne tunaweza kukwambia safari ijayo upande au ushuke nyuzi ngapi.