Mtoto tuliyemuasili kutoka Kongo ana karatasi za vipimo. Tumpime tena?

Swali: Daktari, shikamoo. Tunaishi Tabata, tumeasili mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili kutoka Kongo. Karatasi za kituo alikolelewa zinasema VVU hana, homa ya ini B hana, chanjo zote kapata. Wifi yangu anasema nimpe dawa ya minyoo, kisha nimpeleke kwenye ile mashine ya kupima mwili mzima kwa kushika kifaa mkononi. Inatosha?

Jibu: Marahaba mama, na hongera. Haitoshi.

Hiyo mashine iache kabisa. Kirusi, yai la mnyoo na sikoseli hutafutwa kwenye damu, choo au mkojo. Anayekupa kurasa nzima za majibu bila kuchukua hata tone moja la damu anakuuzia karatasi, na akimaliza atakuuzia virutubisho vya kutibu magonjwa aliyoyaandika mwenyewe.

Karatasi za kituo zitunze, ila kila kipimo kina wakati wake. Kipimo cha haraka cha VVU hutafuta kingamwili, na za mama zinaweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18. Kwa umri wake omba PCR, inayotafuta kirusi chenyewe. VVU na homa ya ini B virudiwe miezi 6 baada ya kuwasili, maana maambukizi ya karibuni huchelewa kuonekana.

Kovu la BCG, chanjo ya TB, halimaanishi hana TB. Kipimo cha TB cha ngozi, Mantoux, husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Ukirudi siku ya tano ni kazi bure. Kifanyike siku moja na chanjo ya surua, au wiki 4 hadi 6 baada yake, kwa sababu chanjo hiyo inaweza kuficha majibu. Utapiamlo nao huyaficha, kwa hiyo kirudiwe baada ya miezi 3 hadi 6, lishe ikishatengemaa.

Choo kipimwe mara tatu, siku tofauti, kabla ya dawa yoyote. Albendazo kwa umri wake ni miligramu 200, na dozi hiyo moja haimalizi giadia, kijidudu cha tumboni kinacholeta kuharisha, wala haigusi kichocho. Pima wingi wa damu na sikoseli pia. Kama aliongezewa damu, subiri miezi 3, la sivyo utasoma damu ya mtu mwingine. Kadi ya chanjo isiyo na tarehe muuguzi aihesabu kuwa haipo. Kurudia chanjo hakumdhuru.

Na hili si la watoto wa kuasili peke yao. Wazazi wengi wa hapa Dar es Salaam huanzia kwenye mashine hizo mtoto anapokonda au kukohoa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, TB inaweza kutoka kifuani hadi kwenye utando wa ubongo ndani ya miezi michache, miezi ileile anayonyweshwa virutubisho.