Mtoto Anayechoka Kunyonya: Kwa Wazazi Wenye Wasiwasi Kuhusu Moyo wa Mtoto

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja huzaliwa na hitilafu ya moyo, na binti yangu ni mmoja wa watoto hao. Alizaliwa na tundu kubwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, akaanza kuugua kabla hajamaliza miezi miwili, na akafanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam kabla hajatimiza mwaka. Sasa yuko shule ya msingi na anakimbia na wenzake. Wazazi wanaokutana nami kliniki huniuliza ni dalili gani waitazame, nami huwaambia kwamba kabla ya jambo lingine lolote wamtazame mtoto anaponyonya.

Kunyonya ni kazi nzito kuliko zote anazofanya mtoto mchanga, sawa na mtu mzima kupanda mlima, na moyo usiotosheleza huanza kujionyesha hapo. Binti yangu alikuwa akishika titi kwa pupa, ananyonya kidogo, anaachia, anahema kwa haraka, kisha anarudi tena. Kabla hajashiba alikuwa anasinzia kwa uchovu, na muda si muda anaamka akilia njaa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na kisogoni mpaka khanga niliyomlazia inalowa, hata alfajiri za kipupwe ambapo sisi wengine tulikuwa tumejifunika. Mama mkwe wangu, aliyelea watoto wengi, ndiye aliyetangulia kusema kwamba jasho lile si la joto. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito ulipanda mwezi wa kwanza, ukalala, kisha ukaanza kushuka.

Wengi hushangaa kwamba mtoto aliyezaliwa analia vizuri na mwenye uzito mzuri anaweza kubadilika hivyo baada ya wiki chache, na hapo ndipo maneno ya jicho baya na kurogwa yanapoanza. Sababu yake inaeleweka. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, na mishipa ya damu ya mapafu huwa imebana. Baada ya kuzaliwa mishipa hiyo hulegea taratibu kwa muda wa wiki kadhaa. Kadiri inavyolegea, ndivyo damu inavyopata njia rahisi ya kupita kwenye tundu kutoka upande wa kushoto wa moyo kwenda upande wa kulia na kufurika kwenye mapafu, badala ya kwenda mwilini. Moyo hulazimika kusukuma damu ileile mara mbili, mapafu hulowa, na mtoto huanza kuhema. Tundu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila madhara yake yalikuwa bado hayajajitokeza.

Kwa kuwa mapafu yamelowa, ugonjwa huu hufanana sana na nimonia, na mara nyingi nimonia yenyewe hufuata. Zahanati tuliyoanzia ilimpa antibiotiki, akapata nafuu kidogo, akarudi katika hali ileile, akapewa tena. Ushauri wangu kwa mzazi ambaye mtoto wake ametibiwa nimonia kwa kurudiarudia ni kumwomba mhudumu, kwa heshima lakini bila kusita, asikilize moyo na aandike barua ya rufaa. Mhesabie mtoto pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia au amelala: kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi kupita kawaida, kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi, kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mfunue kifua pia, uangalie kama nyama iliyo chini ya mbavu inabonyea kwa ndani kila anapovuta pumzi. Mtoto mwenye dalili hiyo hasubiri siku ya kliniki, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo nalisema kwa uchungu. Katika mitaa yetu mtoto anayekohoa na kushindwa kunyonya hupelekwa kukatwa kimeo, au kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni meno ya kawaida yaliyo bado ndani ya fizi. Nami nilielekezwa kwa mtaalamu wa kazi hiyo na watu walionitakia mema. Kidonda cha namna hiyo huweza kumwaga damu nyingi, na huingiza bakteria kwenye damu ya mtoto. Kwa mtoto mwenye hitilafu ya moyo, bakteria hao wanaweza kwenda kukaa kwenye utando wa ndani wa moyo na kwenye vali, yaani vilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja tu, ugonjwa ambao ni mgumu kutibu na unaoua. Kimeo hakihusiki kabisa na kuhema kwake. Tafadhali msikubali.

Si kila mtoto wa moyo huhema na kutoka jasho. Wapo ambao damu isiyo na oksijeni ya kutosha huchanganyika na ile inayokwenda mwilini, wakawa wa bluu. Kwa ngozi zetu, usitazame mashavu. Mtoe mtoto kwenye mwanga wa jua umtazame ulimi na fizi, hasa anapolia. Hitilafu inayojulikana zaidi katika kundi hili ni ile ya Fallot, ambayo ni mkusanyiko wa kasoro nne, na watoto wake wakubwa kidogo wana tabia ya kuchuchumaa ghafla katikati ya mchezo, kwa sababu kuchuchumaa huwasaidia kupata damu zaidi kwenye mapafu. Mtoto huyo akishikwa ghafla na hali ya kuwa bluu sana na kuhema, mkunje magoti yafike kifuani, mtulize, kisha mkimbize hospitali. Na mtoto mchanga wa siku chache anayegeuka bluu, au anayepauka, kuwa baridi na kuacha kunyonya kwa ghafla, ni dharura ya saa ileile. Baadhi ya hitilafu hutegemea mshipa mmoja ambao kwa kawaida hufunga siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na ukifunga mtoto huanguka. Mkiwa bado hospitali baada ya kujifungua, ombeni mtoto apimwe oksijeni kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, mkono wa kulia na mguu mmoja, akishatimiza saa 24. Ni kipimo cha dakika chache na hakimuumizi.

Kinachothibitisha yote haya ni eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Mtoto analala chali kitandani, anapakwa mafuta mepesi kifuani, na daktari anaona vyumba, vali na mwelekeo wa damu. Ikiwa daktari amesikia sauti ya ziada kwenye moyo wa mtoto asiye na dalili yoyote, msiingiwe na hofu kabla ya kipimo, maana sauti nyingi za aina hiyo kwa watoto hazina madhara. Hata matundu madogo, mengi hujifunga yenyewe. Ila tundu likiwa kubwa, muda ni kila kitu. Damu inayofurika kwenye mapafu kwa miaka mingi hukaza mishipa yake, shinikizo hupanda, na inafika hatua ambapo damu inageuza njia na mtoto aliyekuwa akihema anaanza kuwa bluu. Akifika hapo, kuziba tundu hakumsaidii tena, bali humdhuru. Nimekaa benchi moja na wazazi walioambiwa neno hilo, baada ya kuzungushwa kwa miaka katika vituo mbalimbali. Kwa hiyo muulizeni daktari waziwazi: tundu liko wapi, lina ukubwa gani, shinikizo la mapafu likoje, na ni umri gani wa mwisho salama wa kufanya upasuaji. Andikeni majibu nyuma ya kadi.

Wakati wa kusubiri, mtoto huwa kwenye dawa za kupunguza maji mwilini na, kwa baadhi, za kuupunguzia moyo mzigo. Dozi zake ni ndogo sana. Mimi nilikuwa napewa vidonge, navisaga na kuvichanganya kwenye maji kwa kiasi alichonielekeza mfamasia, kisha navuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka kwenye alama niliyoichora kwa kalamu, ili hata shangazi yake akibaki naye asikosee. Akitapika au kuharisha sana, rudini hospitali haraka, kwa sababu mtoto aliye kwenye dawa hizo hukaukiwa maji upesi kuliko wengine. Mnyonyesheni kidogokidogo na mara nyingi, na akichoka kamueni maziwa mumpe kwa kikombe. Chanjo zote apewe kwa wakati; surua na nimonia kwa mtoto wa moyo si magonjwa madogo.

Kuhusu gharama, mkatieni mtoto bima mapema iwezekanavyo, na msipoweza, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali mkiwa na barua ya serikali ya mtaa. Tangu Taasisi ya Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, sehemu kubwa ya upasuaji ambao zamani ulilazimu watoto kusafirishwa hadi India hufanyika hapahapa nchini, na madaktari wa nje huja mara kwa mara kwenye kambi maalumu za matibabu. Bugando iliyoko Mwanza nayo inatoa huduma hiyo. Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta, Mater na Tenwek, na Uganda kuna Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago. Baadhi ya matundu na mishipa iliyobaki wazi huzibwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Binti yangu alipasuliwa kifua. Ukiingia kumwona mara ya kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi utakuta mirija mingi, na ni vizuri uombe uelezwe kila mmoja ni wa nini kabla hujaingia. Mkirudi nyumbani, kwa wiki 6 hadi 8 msimwinue kwa kumshika makwapani, kwa sababu mfupa wa kifua unaunga; pitisheni mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni. Waelezeni hivyo bibi, dada wa kazi na kila jirani anayekuja kumpokea, maana mtoto aliyepona kila mtu anataka kumbeba. Meno yake yasafishwe tangu yanapoota, na kabla ya kung'olewa jino lolote daktari wa meno aambiwe habari za moyo.

Wenye watoto wa umri wa shule wana ugonjwa mwingine wa kuangalia, nao haumo tangu kuzaliwa. Koo linalouma pamoja na homa, likiwa limesababishwa na bakteria wa aina fulani na lisipotibiwa kikamilifu, linaweza kufuatiwa wiki 2 au 3 baadaye na maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti kwenda kifundo cha mguu au kiwiko. Maumivu hayo hupona, lakini vali za moyo huweza kubaki zimeharibika. Hupata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, nayo sindano hiyo inauma; msimwonee huruma mkamrukisha, kwa kuwa kila shambulio jipya huongeza uharibifu.

Hitilafu nyingi za kuzaliwa hazina sababu inayojulikana, na mama asibebeshwe lawama. Rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele, ukimpata mama katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa na pombe huongeza hatari, na watoto wenye sindromu ya Down, yaani waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, karibu nusu yao huwa na tatizo la moyo, hivyo wote wapimwe eko hata kama wanaonekana wazima. Uwezekano wa mtoto anayefuata kuzaliwa na hitilafu hupanda kidogo tu. Nilipopata ujauzito mwingine nililieleza jambo hili siku ya kwanza ya kliniki, nikapelekwa kupimwa moyo wa mtoto akiwa tumboni, kipimo ambacho hufanyika vizuri kati ya wiki ya 18 na ya 22. Ombeni rufaa yake mapema, kwa sababu kama kuna hitilafu kubwa itaonekana, mnapata muda wa kupanga kujifungulia karibu na hospitali yenye wataalamu wa moyo wa watoto.